Jina la Mkwe

Asikudanganye mtu, nyumba iliyoondokewa na mtoto mkorofi ni tamu kwa siku tatu tu. Siku ya kwanza unalala mchana mpaka jasho linakutoka. Siku ya pili unaona beseni liko palepale ulipoliacha, unashangaa. Siku ya tatu unalitazama lile beseni machozi yanakulengalenga, na ukiulizwa unalia nini, unasingizia moshi. Justa hakuwa kwenye siku ya tatu. Alikuwa ametimiza miezi minane.

Justa alikuwa fundi cherehani pale Mabatini, Mwanza, anashona sare za shule na nguo za kwaya, na mkono wake ulisifiwa. Nyumbani kwake ni Pasiansi, na mumewe, Nathaniel Ogweno, alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, wa kike, mwenye miaka kumi na moja. Na huyo mmoja alikuwa Shirati kwa shangazi yake tangu Oktoba. Wala hakuibwa. Mama yake ndiye aliyemfukuza, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wateja.

Sasa usianze kumhukumu. Habari hii ina mzizi, na mzizi wenyewe ni bibi mmoja marehemu.

Justa ni Msukuma wa Usagara, nje kidogo ya Mwanza, Nathaniel ni Mjaluo wa Shirati. Walipooana, bibi harusi akapelekwa ukweni kujulikana. Mama mkwe wake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, sauti yake ukiisikia unasimama wima hata kama si wewe unayeitwa. Justa akaingia jikoni, akasonga ugali, akaandaa. Bibi akaubonyeza ule ugali kwa kidole kimoja, akauliza, "Mwanangu, huu umepikwa, au umetishiwa moto tu?"

Watu wakacheka. Justa alikuwa na miaka ishirini na sita, damu inachemka, na alikuwa amelia moshi tangu asubuhi. Akajibu, "Kama haujaiva, si upike wewe?"

Weee! Kumjibu mama mkwe hivyo, tena kwenye jiko lake! Kesho yake alfajiri Justa alifunga mizigo, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena kwenye boma lile bibi yule akiwa hai. Na kweli haukukanyaga. Miaka miwili baadaye bibi akafariki. Justa alikuwa mjamzito wa miezi saba, akasema miguu imevimba, hawezi kusafiri kwenda kuzika. Miguu ilikuwa imevimba, hilo si uongo. Lakini alijua moyoni kwamba kama angekuwa ni mama yake mzazi, angekwenda hata kwa kutambaa.

Miezi miwili baadaye akajifungua. Mtoto akalia siku tatu mchana na usiku, kifua hataki, mgongoni hataki. Ndipo akaja Odeta, dada yake Nathaniel, kutoka Shirati. Akanawa mikono, akampakata mtoto, akaanza kumwitia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yao, maana mtoto anayelia hivyo ana mtu wake anayetaka kuitwa. Alipofika kwenye jina la mama yake, Akinyi, mtoto akanyamaza. Akapiga mwayo, akalala. Odeta alilia kwa furaha. Nathaniel alitoka nje akalie nyuma ya mlango, asionekane. Justa pale kitandani alihisi baridi mgongoni, akajifunika kanga mpaka shingoni.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo watu wa kabila moja wasingelifanya. Kwao Usagara mama yake alimfunza tangu akiwa msichana kwamba jina la mkwe halipiti kwenye ulimi wa mwanamke aliyeolewa. Huliiti, hulitaji, ukiulizwa unazunguka. Watu wa kwa Ogweno hawakuwa na shida hiyo, walimwambia, "Mwite tu, shemeji, si ni mtoto huyu?" Akajaribu. Ulimi ukagoma. Kliniki akiulizwa jina la mtoto alikuwa anatoa kadi. Shuleni alikwenda baba kumwandikisha. Na nyumbani Justa akapata njia ya mkato, akawa anamwita "mama mkwe."

Mwanzoni ulikuwa utani, na utani mtamu. "Mama mkwe, fungua mdomo unywe uji." "Mama mkwe leo kaamka na hasira jamani." Majirani wakafurahi, nao wakadakia. Mjomba akifika anamwinamia mtoto wa miaka mitatu, "Shikamoo mama!" na mtoto, bila hata kutabasamu, anaitikia, "Marahaba." Basi watu hoi kwa kicheko. Nathaniel ndiye aliyezidi, yeye alimwita mama kwa moyo wote, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea.

Sasa niambie, mtoto anayeamkiwa na wazee atamtii nani? Akiwa na miaka minne alikataa kumwamkia katekista, akasema aanze yeye. Akiwa na miaka saba alipanda mawe ya nyuma ya nyumba, akakaa juu kabisa tangu adhuhuri mpaka jua kuzama, kwa sababu alinyimwa soda. Akiambiwa vaa sweta, anavua na gauni. Akiambiwa kimya, anaimba. Mwalimu alipomtuma chaki akamjibu kwamba yeye hakuja shuleni kutumwa. Justa akichukua fimbo, Nathaniel anasimama mlangoni, uso umemshuka. "Unampiga mama yangu, Justa?"

"Nampiga mwanangu!"

"Basi mwite hivyo kwanza."

Justa alilisikia neno lile, akalipuuza. Jirani yao Paskazia alimletea kila dawa aliyoijua, sala za novena, majani ya kuogeshea, na mwisho ushauri wa shule ya bweni. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema Paskazia. Lakini huyu samaki alikuwa na miiba pande zote.

Na kadiri mtoto alivyokua mrefu na mkavu, na sauti ikajitokeza ileile ya kusimamisha watu, ndivyo utani wa Justa ulivyochacha. "Mama mkwe" ikawa inatoka kwa meno. Akimwona kabinua mdomo mbele ya sahani, alikuwa haoni mtoto wa darasa la nne anayechagua mboga. Alikuwa anaona kidole kile kinabonyeza ugali. Na hasira aliyoimeza miaka yote, hasira na aibu ya mazishi asiyokwenda, ikawa inamwagika hapo, juu ya mtoto.

Oktoba ile Justa alikuwa na kazi kubwa, nguo za kwaya kwa ajili ya jubilei ya parokia. Vitenge vya bluu na dhahabu, vimekatwa tayari, vimerundikwa mezani pale kibandani. Wanakwaya wanne walikuwa wamekaa wanasubiri kupimwa. Mtoto akatoka shule, akasimama mlangoni na begi lake.

"Mama," akasema. Cherehani inakwenda. "Mama." Justa hakuinua kichwa. "Mama!"

"Nini tena, mama mkwe?" Justa akasema, na wanakwaya wakaangua kicheko.

Mtoto akasogea mezani. Akachukua mkasi mkubwa, akaufungua, akaupitisha katikati ya rundo lote la vitambaa, taratibu, kama anayekata mkate. Alipomaliza akauweka mkasi mahali pake.

Justa hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. Alisimama, akasema maneno ambayo hata wanakwaya waliinamisha vichwa. "Wewe bibi! Kufa umekufa, mbona hukukaa hukohuko kaburini? Umerudi kunitesa? Toka! Rudi ulikotoka, uniache!"

Mtoto akajitwika begi lake. Kisha akaenda nyumbani kwa miguu, akapanga nguo zake. Wiki ileile Odeta alikuwa Mwanza kwa matibabu ya macho, na alipoondoka, mtoto aliondoka naye, begi mapajani. Alimwambia baba yake, "Nakwenda kwangu." Justa alisema moyoni, mwache aende, wiki mbili tu atalia mwenyewe.

Wiki mbili zikapita, halafu Krismasi, halafu masika. Aliyekuwa analia alikuwa mwingine.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hakuna aliyemwambia Justa kwamba mtu anaweza kuukumbuka hata ukorofi. Alikumbuka mlango unavyobamizwa. Alikumbuka vile viatu vinavyotupwa kila kimoja upande wake. Alikuwa anapika ugali wa watu watatu, anakula na mumewe kimya kimya, kiporo wanapewa kuku wa Paskazia. Saa tisa na nusu, watoto wa shule wakipita pale Mabatini, mguu wake ulikuwa unaachia cherehani wenyewe. Alimtamani mtoto wake mpaka mwili unauma. Akipiga simu, sauti ilikuwa inamjia nyembamba, ya adabu.

"Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Unakula vizuri?"

"Ndiyo."

"Umenimiss?"

"Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama! Mtoto ambaye hajawahi kusema ndiyo hata kwa soda! Justa alikuwa anakata simu, anabaki ameishika mkononi.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, akafunga kibanda, akamshonea gauni la njano lenye mifuko miwili, akakata tiketi. Nathaniel alimsindikiza stendi. "Kamwombe," alisema.

"Nimwombe mtoto niliyemzaa?"

"Kamwombe, Justa."

Alifika Shirati saa tisa alasiri, boma ambalo hakulikanyaga kwa miaka kumi na tatu. Ziwa lilikuwa limetulia chini kule, watu wanaanua dagaa. Kwanza alimwona msichana mrefu anateka maji kwenye pipa, kitambaa kichwani, akadhani ni binti wa jirani. Yule msichana akageuka, akaweka ndoo chini, akaja mpaka mbele yake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Karibu. Poleni na safari."

Poleni! Justa alikuwa peke yake. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, kununiwa, kukimbiwa, hata kurushiwa jiwe. Hilo hakujiandaa nalo. Akanyoosha mikono amkumbatie, na mtoto akakumbatiwa, amesimama kama nguzo, mpaka akaachiwa. Kisha akaleta kiti. Akaleta maji ya kunywa kwenye sahani, bilauri imefunikwa.

Gauni la njano lilitolewa. Justa alilikata kwa vipimo vya kichwani, vipimo vya Oktoba, yeye fundi mzima. Mtoto akaenda kulivaa bila kuambiwa mara mbili, akarudi. Mabega yalikuwa yamevutika, na magoti yote mawili nje.

"Linakubana?"

"Halinibani, mama. Ahsante."

Mtoto yule wa zamani angesema baya, silitaki, livae wewe. Justa alilitamani lile neno baya kuliko chakula.

Mbele ya nyumba kubwa palikuwa na kaburi la saruji, na jina limechorwa kwa kijiti saruji ikiwa bado mbichi. Odeta akampeleka pale, maana ndiyo heshima. Justa akasimama. Alitaka kusema kitu, walau pole, walau samahani, akalisoma jina kwa macho, midomo imebana. Akaishia kuokota jani moja lililoanguka juu yake. Wakarudi wakakaa kwenye kivuli cha nyumba, Odeta anachambua mchicha.

"Wifi, umemfanya nini mwanangu?" Justa akauliza. "Mbona amekuwa mtiifu hivi?"

Odeta akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mtiifu? Huyu? Juzi tumebishana kuhusu kulisha mbuzi mpaka koo langu limekauka. Mwezi wa kwanza kila nikisema Akinyi mama, kateke maji, ananiambia mama hatumwi. Nikamwambia sawa, leo tutakunywa mate. Tukakaa na kiu wote wawili mpaka jioni, halafu akaenda. Tunagombana kila siku."

"Mbona mimi ananitii?"

Odeta akaacha mchicha. Alikuwa mtu wa maneno ya wazi, kama marehemu mama yake. "Wewe ni mgeni, wifi. Mgeni habishiwi."

Justa akavuta fungu la mchicha, naye akachambua. Chakula cha jioni kilipokuja, mtoto alimnawisha mikono, akamtengea sahani yake peke yake na pande kubwa la sato, akaenda kula jikoni na Odeta. Kutoka jikoni Justa alisikia wanazozana kuhusu nani amekula kichwa cha samaki, sauti ile ya kusimamisha watu imepanda juu, na Odeta naye hakubali. Wivu ulimchoma. Hakuna kilichokuwa kitamu kwenye ile sahani.

Asubuhi akasema, "Jiandae, turudi nyumbani," na mtoto akasema, "Sawa, mama." Akapanga nguo, akavaa lile gauni la njano linalombana. Odeta aliwaaga pale getini, akamshika mtoto kidevu, akamwambia kitu kwa Kijaluo, akaingia ndani haraka. Wao wakashuka mpaka barabarani kungoja basi la Mwanza. Hapo palikuwa na kibanda cha mama mmoja anayekaanga mihogo na samaki, na benchi. Wakakaa, begi katikati yao.

Justa alimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. Mgongo wima, mikono juu ya magoti. Angeweza kumpeleka mpaka Pasiansi namna hii. Angemwekea kitanda, angempeleka shule, na mtoto angesema ndiyo mama mpaka aolewe. Wazazi wangapi wanaomba muujiza huo makanisani? Na yeye aliuomba kwa miaka, akafunga na kusali. Sasa amepewa, na ni kama amepewa mtoto wa mtu.

Basi likafika, vumbi likawafunika. Kondakta akaruka chini na mashine yake ya tiketi, kijana mwenye haraka zake. "Mwanza wawili? Haya mama, jina."

"Justa Masalu."

Akabonyeza. "Mtoto?"

Justa akafungua mdomo. Mtoto akageuza kichwa, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumtazama machoni, na macho yenyewe yalikuwa yanasubiri.

"Mama, jina la mtoto. Siku hizi tiketi haitoki bila jina."

Jina lilikuwa pale kooni. Justa alilihisi kabisa. Lakini mafunzo ya Usagara yakalishika kutoka chini, na lile kaburi likalishika, na miaka kumi na tatu ya aibu ikalishika. "Andika…" akasema. "Andika mtoto wa Ogweno."

Mtoto alisimama. Akachukua begi lake. Akasema kwa sauti ambayo abiria wa kiti cha nyuma waliisikia, "Siendi."

Moyo wa Justa uliruka. Miezi minane hakulisikia neno lile!

"Siendi! Nimesema siendi! Panda wewe, nenda na huyo mtoto wa Ogweno!" Naye huyo, anarudi njia waliyojia, begi linampiga miguuni, gauni linapasuka ubavuni kwa kila hatua na wala hajali.

"Mama, tunaondoka," kondakta akasema.

"We mtoto!" Justa akaita. Mtoto hakusimama. "Mwanangu!" Hakusimama. Alikuwa amefika kwenye mwembe wa kona, hatua chache zaidi na angepotea nyuma ya ua wa katani. Justa alijua, kama mtu anavyojua maji yamefika shingoni, kwamba akipita pale kona hatampata tena, hata akilala naye kitanda kimoja. Akaomba radhi kimoyomoyo kwa mama yake wa Usagara, akaomba radhi kwa yule aliyelala kwenye saruji, akavuta pumzi.

"Akinyi!"

Lilitoka la mikwaruzo, kama sauti ya mgonjwa. Mtoto akasimama. Hakugeuka.

"Umeniitaje?"

"Akinyi."

"Sijasikia."

"Akinyi!"

"Kondakta hajasikia," akasema mtoto, bado kampa mgongo. "Abiria hawajasikia. Siku ile wanakwaya wote walisikia."

Basi Justa, mama wa miaka thelathini na tisa, fundi anayeheshimika Mabatini yote, alisimama katikati ya barabara ya vumbi, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Akinyi! Akinyi Nathaniel Ogweno! Akinyi mwanangu niliyemzaa mimi! Akinyi!" Vichwa vikatoka madirishani. Mama wa mihogo akaacha kugeuza samaki. Kondakta akatikisa kichwa, akagonga bodi mara mbili, basi likaondoka, na Justa akaendelea kuita ndani ya lile vumbi, maana sasa alikuwa hawezi kuacha, jina lilikuwa linatoka na machozi pamoja.

Vumbi lilipotulia mtoto alikuwa amegeuka. Amekunja uso, ule uso wenyewe, mdomo umebinuliwa.

"Basi limeondoka," akasema.

"Limeondoka."

"Hata la kesho siendi."

"Sijakwambia uende." Justa akajifuta kwa ncha ya kanga. Akasogea, si karibu sana. "Nilikuwa na ugomvi na bibi yako. Akafa kabla hatujaumaliza, nikaja kuumalizia kwako. Wewe hukunikosea kitu. Ulikuwa kichanga, hata jino huna."

"Nilikukosea," Akinyi akasema. "Nilikata vitambaa."

"Ee. Hapo ulinikosea sana."

"Na nitakata vingine."

"Utakiona cha moto."

"Mimi si mkwe wako," Akinyi akasema, na sasa sauti ilikuwa imepasuka, imekuwa ya mtoto mdogo. "Nilikuwa nakuita, wewe unamwitikia bibi. Kila siku. Mimi nilikuwa nakuita mimi."

Justa alisema tu, "Nisamehe, Akinyi," na akaona kwamba mara hii ulimi haukugoma. Mtoto hakusema amesamehe. Alimpita, akarudi mpaka kwenye benchi, akakaa amempa mgongo, begi miguuni.

Justa akampigia Nathaniel. "Leo sirudi," akamwambia.

"Na Akinyi?"

"Akinyi amekataa."

Upande wa pili akasikia mumewe anacheka, anacheka na kupenga kamasi.

Akanunua sahani moja ya mihogo na samaki, hakujua anunue mbili au moja, na kuuliza aliogopa kwamba atajibiwa kwa adabu. Akakaa kwenye lile benchi, sahani mapajani. Hakula. Alimtazama mwanawe kisogoni, nywele zimesukwa na mtu mwingine, shingo imerefuka, akatamani kuigusa, akajizuia.

Mkono ukaja kwa nyuma. Akinyi hakugeuka, hakuomba, hakunawa. Mkono ulipapasa sahani, ukapita mihogo, ukampata samaki, ukachagua pande la tumboni lenye mafuta, ukaondoka nalo.

"We Akinyi," Justa akasema, "huna adabu kabisa."

"Sina," akasema Akinyi, mdomo umejaa. Akatafuna. "Na maji nataka."

Justa akainuka, akaenda kumtafutia maji.